Mashine Iliyozimwa: Safari ya Sauti na Mazoezi Katika Kutibu Kiuno

Kama hujawahi kuumwa kiuno, usijisifu sana, zamu yako huenda iko njiani. Sikutishi, ndivyo hesabu zinavyosema. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa wakiishi na maumivu ya kiuno, yaani mtu 1 kati ya kila 13, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watafika milioni 843. Hakuna tatizo jingine la afya linalowazuia watu wengi kiasi hicho kufanya shughuli zao.

Na kiuno kikishauma, tiba hazikosekani. Jirani ana mafuta yake, shangazi ana majani yake, na mtandaoni kuna video ya saa nane yenye "sauti ya uponyaji" unayoambiwa uisikilize ukiwa umelala. Ukienda kliniki, huenda ukapakwa jeli baridi kiunoni na kupitishiwa kichwa cha mashine inayotoa mawimbi ya sauti usiyoyasikia. Ukimaliza unaonyeshwa mazoezi ya kwenda kufanya nyumbani.

Wiki sita baadaye kiuno kimetulia. Sasa hapo ndipo penye swali: nani kakuponya? Sauti, mazoezi, au vyote viwili kwa pamoja? Usilione dogo swali hili. Kila kikao cha mashine kinalipiwa, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi, wakati mazoezi unayafanya kwenye mkeka wako bila malipo. Mtu mwenye hela ya kuunga lazima ajue anailipia nini. Kwa bahati nzuri, watafiti wamelifukuzia swali hili kwa miongo mingi. Hebu tuwafuate nyuma.

Sauti iliyotoka baharini

Mwaka 1880, ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie (huyu Pierre ndiye aliyekuja kumuoa Marie), waligundua tabia ya ajabu ya fuwele za kwatzi: ukizibana, zinatoa umeme. Muda si mrefu wakathibitisha na kinyume chake: ukizipa umeme, zenyewe zinajibana na kujiachia. Ukiugeuzageuza umeme huo kwa kasi kubwa, fuwele inatetemeka, na kitu kinachotetemeka hutoa sauti. Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia kama 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Fuwele inaweza kuvuka hapo mbali sana. Sauti hiyo ya juu isiyosikika ndiyo tunayoiita ultrasaundi.

Kwa miaka mingi ugunduzi huu haukuwa na kazi kubwa. Kisha ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na nyambizi za Ujerumani zikawa zinazamisha meli. Paul Langevin, mwanafizikia aliyewahi kufundishwa na Pierre Curie, akatumia fuwele zile kutuma sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi wake unaporudi. Katika majaribio hayo kulionekana jambo ambalo halikutafutwa: samaki waliopita karibu na chombo walikufa, na mkono ukitiwa majini kwenye njia ya mawimbi, unauma. Kumbe sauti hii inaweza kuugusa mwili!

Mwaka 1927, Wamarekani Robert Wood na Alfred Loomis walichapisha utafiti mrefu kuhusu jinsi sauti hizo zinavyoathiri vitu na viumbe hai. Mwaka 1939, Mjerumani Reimar Pohlman na wenzake wakaeleza jinsi walivyoitumia kwa wagonjwa, wakiwemo wenye siatika, yaani maumivu yanayofuata mshipa mkubwa wa fahamu kutoka kiunoni hadi mguuni. Baada ya Vita vya Pili, mwaka 1949, wataalamu walikutana Erlangen, Ujerumani, kuijadili ultrasaundi katika tiba. Kuanzia hapo mashine ikasambaa kwenye kliniki za fiziotherapia za nchi nyingi.

Mantiki yake inavutia, lazima tukiri. Mawimbi ya mitetemo milioni moja kwa sekunde hupenya ngozi, mwili huyafyonza na kuyageuza joto sentimita kadhaa ndani ya nyama, mahali ambapo kitambaa cha maji ya moto hakifiki. Ukimwambia hivyo mgonjwa, anaona kabisa jinsi sauti inavyokwenda kulegeza msuli uliokaza. Na maelezo yanayoingia akilini kirahisi huwa hayaombwi ushahidi mapema.

(Tusichanganye mambo: ile ultrasaundi ya kumtazama mtoto tumboni ni ya ukoo mmoja na hii, lakini yenyewe inapiga picha. Faida yake haina ubishi. Hapa tunaongelea ile inayodai kutibu.)

Wakati huohuo, mgonjwa alikuwa amelazwa

Upande wa mazoezi nao una historia yake. Mwaka 1813, Per Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm, Uswidi, na humo mazoezi yalihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Lakini mbegu hiyo ilikutana na upepo mkali. Mwaka 1863 daktari mpasuaji wa London, John Hilton, alitoa kitabu maarufu kuhusu mapumziko na maumivu. Wazo lake ni kwamba mwili ukipumzishwa hujiponya. Kwa mfupa uliovunjika, ni kweli. Ila wazo hilo lilitanuka mpaka likaingia kwenye kiuno, na kwa zaidi ya karne moja agizo la kawaida kwa mtu aliyekamatwa kiuno likawa: lala. Lala wiki, lala wiki mbili, usinyanyuke.

Walikuwepo waliopinga. Hans Kraus, daktari wa New York na mpanda milima hodari, alisisitiza kwamba maumivu mengi ya kiuno yanatokana na misuli iliyodhoofika na kukakamaa, na kwamba dawa yake ni kuitumia. Mwaka 1961 aliitwa kumtibu mtu aliyekwishapasuliwa mgongo na aliyekuwa akitembea na mkanda kiunoni: Rais John F. Kennedy. Tiba ya Kraus ilikuwa mazoezi, na Kennedy aliyafanya palepale Ikulu.

Hata hivyo, mgonjwa mmoja, awe rais, hathibitishi kitu. Ushahidi ulikuja baadaye. Mwaka 1986, Richard Deyo na wenzake Marekani waligawa wagonjwa 203 wa kiuno kwa bahati nasibu: wengine walale siku 2, wengine siku 7. Walioambiwa walale siku 2 walikosa kazini siku pungufu kwa asilimia 45, na hawakupona vibaya kuliko wenzao. Mwaka 1995, watafiti wa Finland waliwachukua wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waliopatwa na maumivu ya ghafla. Kundi moja lililala siku 2, la pili lilipewa mazoezi ya mgongo, la tatu liliambiwa liendelee na maisha ya kawaida kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliofanya vizuri zaidi ni hao wa tatu. Wa mwisho walikuwa waliolala.

Angalia jambo moja hapa. Kwa maumivu mapya kabisa, hata mazoezi rasmi hayakushinda maisha ya kawaida. Mazoezi yanaonyesha thamani yake hasa pale maumivu yanapokuwa sugu, yaani yakipita miezi mitatu. Mwaka 2021, mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio 249 kuhusu mazoezi na maumivu sugu ya kiuno. Kwenye mizani ya 0 hadi 100, mazoezi yalishusha maumivu kwa takriban pointi 15 kuliko kutofanya chochote. Si muujiza, lakini kwa mtu anayeshindwa kuinama achote maji, pointi 15 ni kitu.

Siku mashine ilipozimwa

Sasa turudi kwenye kliniki yetu, ambako mgonjwa anapata sauti na mazoezi kwa pamoja. Tutawatenganishaje hao wawili? Ukitaka kujua kama ni nazi iliyonogesha mchuzi, pika mchuzi uleule, moto uleule, chumvi ileile, ila nazi usitie. Kisha wape watu waonje bila kuwaambia kipi ni kipi.

Kwa bahati nzuri, ultrasaundi ni rahisi sana kuijaribu namna hiyo, kwa sababu haisikiki na mara nyingi haihisiwi. Unampaka mgonjwa jeli, unapitisha kichwa cha mashine, taa inawaka, dakika zinahesabiwa. Tofauti ni kwamba kwa nusu ya wagonjwa, mashine haitoi mawimbi yoyote. Imezimwa, na mgonjwa hajui.

Mwaka 2001, Valma Robertson na Kerry Baker walipitia majaribio 35 ya ultrasaundi kwa maumivu ya aina mbalimbali na majeraha ya misuli na viungo. Ni 10 tu yaliyofanywa kwa utaratibu wa kuridhisha. Kati ya hayo 10, 8 hayakuona tofauti kati ya mashine iliyowashwa na iliyozimwa. Kuhusu kiuno chenyewe, Cochrane ilichambua majaribio 7 mwaka 2014, ikarudia mwaka 2020 ikiwa na majaribio 10 na washiriki 1,025. Haikupata ushahidi imara wa kuitetea ultrasaundi, na kuiongeza juu ya mazoezi hakukuonyesha faida ya uhakika kuliko mazoezi peke yake. Mwaka 2016, taasisi ya NICE ya Uingereza iliwaambia wataalamu wasiwape wagonjwa wa kiuno ultrasaundi. Desemba 2023, WHO katika mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno ikasema vivyo hivyo, huku ikipendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa.

Je, waliosema "mashine imenisaidia" walikuwa waongo? Hapana. Walipata nafuu kweli. Ila nafuu ina milango mingi: maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe kadiri wiki zinavyopita, mtaalamu alikuwepo akasikiliza, mkono ulimgusa, tumaini lilikuwepo, na yale mazoezi ya nyumbani yalifanyika. Mashine ilikuwa karibu wakati nafuu inaingia, ikapewa sifa.

Kelele kwa daktari wa meno

Hapo juu tumezungumzia sauti isiyosikika. Je, ile inayosikika? Hapa historia inatupeleka mahali usipotarajia: kwenye kiti cha daktari wa meno.

Mwaka 1960, daktari wa meno Wallace Gardner na mwanasaikolojia J.C.R. Licklider walichapisha habari iliyowashangaza wengi. (Huyu Licklider ni yuleyule ambaye muda mfupi baadaye mawazo yake yalisaidia kuzaa intaneti.) Walimvisha mgonjwa vipokea sauti masikioni, wakampa muziki pamoja na kelele nzito mfano wa maporomoko ya maji, na mgonjwa mwenyewe akashika kitufe cha kuongeza sauti. Kati ya wagonjwa 1,000 ambao zamani walihitaji gesi au sindano ya ganzi, takriban 9 kati ya 10 hawakuhitaji dawa nyingine.

Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada, akataka kujua ni sauti hasa au kuna jingine. Mwaka 1963 yeye na wenzake waliwaweka watu katika makundi matatu, kisha wakawapa maumivu ya barafu kwa muda kadiri watakavyovumilia. Kundi la kwanza lilipewa sauti na kuambiwa kwa mkazo kwamba sauti hii inapunguza maumivu. La pili lilipewa sauti bila maneno. La tatu lilipewa maneno yaleyale yenye mkazo, lakini likasikilizishwa mvumo tu usio na kazi. Ni kundi la kwanza lililoongeza uvumilivu kwa kiasi kikubwa. Sauti peke yake haikufua dafu. Maneno peke yake nayo hayakufua dafu. Vilipoungana, vikafanya kazi.

Miaka miwili baadaye, Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia maarufu ya lango. Walieleza kwamba taarifa ya maumivu haiendi moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na lango hilo linaweza kufungwa kidogo na mguso (ndiyo maana ukijigonga unapasugua) au na amri kutoka juu, ubongoni, kutegemea hofu, umakini na matarajio yako. Vipengele vingi vya nadharia hiyo vimerekebishwa tangu wakati huo, lakini kiini chake kimebaki: ubongo una sauti yake katika kuamua uchungu uwe kiasi gani.

Kwa hiyo muziki kwa mgonjwa wa kiuno si upuuzi. Mwaka 2005, watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Stéphane Guétin waliwafuatilia wagonjwa 65 wa maumivu sugu ya kiuno, wote wakipata fiziotherapia, baadhi wakiongezewa vikao vya muziki. Waliopata muziki walipungukiwa zaidi na wasiwasi, huzuni na ugumu wa kufanya shughuli zao. Ni utafiti mdogo, na una kikwazo ambacho ultrasaundi haina: muziki huwezi kuuzima kwa siri. Anayesikiliza anajua anasikiliza. Tuupokee kama fununu njema tu, usiwe hukumu.

Sauti unayoitoa mwenyewe

Mpaka hapa, mgonjwa wetu amekuwa wa kupokea tu. Anapakwa, anapitishiwa, anavishwa. Hebu tuubadilishe upande.

Mwaka 1998, Haile Gebrselassie wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani mjini Birmingham, huku uwanjani ukipigwa wimbo wa Scatman John ambao mwendo wake ulilingana na hatua zake. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi: mtu anayetembea au kukimbia akifuata mapigo ya muziki anaweza kuendelea kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka.

Wajerumani wakasogea hatua moja mbele. Mwaka 2013, Thomas Fritz na wenzake wa Taasisi ya Max Planck, Leipzig, walifunga vyombo vya muziki kwenye mashine za mazoezi, hivi kwamba kila ukivuta au kusukuma, unatengeneza muziki. Washiriki waliona kazi ni nyepesi kuliko walipofanya mazoezi huku wakisikiliza tu. Baadaye wakapimwa kwa maji ya barafu, kama wale wa Melzack. Waliotoka kutengeneza muziki kwa miili yao walivumilia kwa takriban asilimia 10 zaidi ya walipotoka kusikiliza tu.

Hao walikuwa watu wazima wa afya, na barafu si kiuno. Lakini je, wewe uliyekulia Tanzania au Kenya, habari hii ni mpya kwako? Wanawake wawili kwenye kinu kimoja hawatwangi kimyakimya. Mchi mmoja ukipanda, mwingine unashuka, na wimbo ndio unaozuia isigongane. Hamali wa Unguja na Mombasa walisukuma mizigo kwa kuimba, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Wala tusiwapambe. Wimbo uleule unaweza kumsahaulisha hamali uzito unaomvunja mgongo, na wapo waliovunjika. Wimbo ulichofanya ni kuufanya mwili uendelee. Mwili ukiwa kwenye zoezi linaloufaa, hiyo ni neema. Ukiwa chini ya gunia lililouzidi, ni mtego.

Basi ufanye nini?

Kwanza, zijue dalili zisizosubiri. Ukipoteza uwezo wa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri, mguu ukiishiwa nguvu, au maumivu yakiambatana na homa, kupungua uzito bila sababu, au yakianza baada ya ajali, nenda hospitali leo. Hapo si pa muziki wala mazoezi.

Pili, ukiwa kliniki na hela yako ni ya vikao vitatu tu, uliza kwa heshima: "Daktari, katika vikao hivi, muda wa kunifundisha mazoezi ni kiasi gani?" Mtaalamu anayekufundisha, anayekusahihisha na kukuongezea ugumu taratibu, huyo analipika.

Tatu, tembea. Mwaka 2024, watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Walioongozwa kutembea hatua kwa hatua, pamoja na kuelimishwa, walikaa siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wenzao walikaa siku 112. Kutembea hakuhitaji mashine, ingawa kunahitaji barabara salama na nusu saa, na najua si kila mtu anavyo.

Nne, sauti itumie kama inavyostahili. Chagua wimbo unaolingana na hatua zako, au imba mwenyewe, au mtafute mwenzako wa kuitikiana naye. Wimbo hautakurekebishia pingili wala kukutolea sumu mwilini. Utakachopata ni hofu kupungua, dakika kwenda upesi, na sababu ya kurudi kesho. Na katika maumivu sugu ya kiuno, kurudi kesho ndiyo sehemu kubwa ya tiba.

Kwa hiyo yule mgonjwa wetu wa mwanzo, aliyepona baada ya wiki sita, tumjibu hivi: mashine pengine ingezimwa usingeona tofauti. Mazoezi, wala usiyazime. Na redio iwashe, mradi uwe umesimama.